Elimu: Shule ikifungwa, nyumba inaweza kufundisha nini?

Saa moja na nusu ya asubuhi ni saa ya kengele. Katika miji ya mashariki ya Kongo, mzazi mwenye mtoto wa shule anaijua hiyo saa bila kuangalia telefone. Njia inajaa mashati meupe, kisha dakika chache inanyamaza. Lakini katika miaka hii ya mwisho, mara mingi asubuhi ilifika na yale mashati hayakutoka. Mtoto alibaki ndani ya kiwanja, mama yake akamwangalia, na swali likawa moja tu: leo atafanya nini?

Ni kwa njia hiyo wazazi wengi wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri walijikuta na kazi yenye hakuna mtu aliwatayarisha kuifanya: kufundisha watoto wao nyumbani. Wengine walifanya wiki mbili wakachoka. Wengine bado wanaendelea, kwa sababu shule ya kijiji chao iliharibika ao feza ya minervali haipatikani. Kwa wote, mambo ni magumu kuliko vile mtu anafikiri akiwa mbali.

Inafaa kwanza kutofautisha vitu viwili. Huko Marekani, kufundisha mtoto nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50, na familia zenye zinafanya vile mara mingi zimechagua zenyewe: juu ya imani, ao kwa kuwa hazikupenda shule ya karibu. Ujerumani ni kinyume: sheria inalazimisha mtoto kuhudhuria shule, na mzazi hawezi kumuweka nyumbani kwa kupenda kwake. Hapa kwetu hakuna hata moja kati ya hayo. Katiba ya Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika kifungu cha 43, inasema kwamba wazazi wana haki ya kuchagua namna ya malezi ya watoto wao. Kifungu hicho hicho kinasema pia kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za serikali. Lakini mzazi wa Masisi ao wa Irumu hakuchagua kitu. Shule ilimukimbia, ao yeye na watoto walikimbia shule.

Kizazi cha mwaka 2019

Ili kuelewa ukubwa wa shida, chukua mtoto mmoja wa Goma mwenye alianza darasa la kwanza mwezi wa tisa 2019. Huo ndio mwaka serikali ilianzisha kweli elimu ya msingi ya bure. Wazazi wengi walifurahi, na madarasa yakajaa kupita kiasi.

Huyo mtoto alikuwa hajamaliza darasa la kwanza wakati ugonjwa wa Covid-19 ulifunga shule zote za nchi, mwezi wa tatu 2020. Wanafunzi wa darasa za mwisho walirudi mwezi wa nane, yeye alingojea. Katika darasa la pili, shule zikafungwa tena mwezi wa kumi na mbili 2020, zikafunguliwa mwezi wa pili 2021. Na tarehe 22 mwezi wa tano 2021, mlima Nyiragongo ukalipuka. Siku chache nyuma, sehemu kubwa ya mji ikaambiwa kuhama. Familia zikaenda Sake, Minova, Rutshuru, Bukavu, na wengine wakavuka mpaka kuingia Rwanda. Kwa hivi, miaka miwili yenye mtoto anapaswa kujua kusoma na kuhesabu ndiyo miaka yenye ilivunjika zaidi.

Akafika darasa la sita mwezi wa tisa 2024. Mwanzo wa ule mwaka, walimu wa shule za serikali katika provinsi mbalimbali waligoma wakidai mshahara wenye kufaa. Kisha, siku za mwisho za mwezi wa kwanza 2025, mji wa Goma ukaingia mikononi mwa AFC/M23, na katikati ya mwezi wa pili ikawa Bukavu. Mwezi huo, UNICEF ilitangaza kwamba shule na fasi za kusomea zaidi ya 2 500 zilikuwa zimefungwa katika Kivu mbili, na kwamba watoto 795 000 hawakuwa wakisoma, kutoka 465 000 mwezi wa kumi na mbili 2024.

Mtoto huyu hakukosa shule kwa uvivu wake wala wa wazazi wake. Katika miaka sita ya primeri, mitatu ilikatwa. Na bado huyo ni mtoto wa mji. Yule wa kambi ya Bulengo ao ya Kanyaruchinya alisoma chini ya shiti, kisha kambi zikavunjwa mwezi wa pili 2025, familia zikaambiwa kurudi makwao, na wengi wakakuta shule ya kijiji bila bati, bila benchi, mara ingine bila mwalimu.

Wakati shule inafungwa hivi kila mara, kujifunza nyumbani kunaacha kuwa jambo la familia moja moja. Kunakuwa ndicho kitu kinashikilia kizazi kizima, ama kinakiacha kianguke.

Nyumba ni fasi ya kazi kwanza

Wale wanaosema «wazazi wafundishe watoto» mara mingi wanasahau siku ya mama iko namna gani. Fikiria mama anayeuza sambaza ao makala. Saa kumi na moja amekwisha kuamka. Maji hayako nyumbani. Mtoto mukubwa anapaswa kuchukua bido na kupanga mstari. Kuna moto wa kuwasha, kuna mtoto mdogo wa kuogesha, kuna mzigo wa kufikisha sokoni mbele bei ishuke. Akirudi mangaribi, watoto wanangojea chakula. Hapo ndipo somo linaweza kuanza, kwa mwangaza wa toshi ya telefone, na mtu wa kufundisha anasinzia kupita yule wa kufundishwa.

Kama kuna watoto watatu, mmoja iko darasa la kwanza, mwingine la nne, mwingine la saba. Meza ni moja, kama iko. Chumba ni kimoja. Wa kwanza anapaswa kusoma kwa sauti, wa tatu anataka kimya. Shuleni, ukuta ndio unawatenganisha. Nyumbani hakuna ukuta wenye kusikilizana na mama.

Kuna pia jambo lenye halisemwi sana: hasira. Mwalimu wa shule anapokosoa mtoto wa mtu mwingine, anavumilia. Mzazi anapoona mtoto wake mwenyewe anashindwa kugawanya 84 kwa 4 mara ya tano, anaona kama ni yeye anashindwa. Sauti inapanda, mtoto analia, baba anaingia katikati, na somo la hesabu linageuka mambo ya mume na bibi. Nyumba nyingi ziliacha kufundisha juu ya hii sababu tu, si kwa kukosa akili.

Feza nayo inaingia. Tangu mwezi wa kwanza 2025 banki za Goma zilipofunga milango, mwenye mshahara alilazimika kuupata kwa njia za kuzunguka, kwa telefone na kwa kukatwa kidogo kila hatua. Mwenye biashara ndogo alipoteza wateja. Katika hali hiyo, kaye na biki vinashindana na unga. Kulipa repetiteri, yule mwalimu wa kuja nyumbani, ni jambo la familia chache. Na repetiteri mwenyewe mara mingi ni mwalimu wa shule mwenye anatafuta namna ya kulisha watoto wake.

Wakati mama anashindwa, kazi inaanguka kwa mtu moja: binti mukubwa wa nyumba. Ni yeye anafundisha wadogo wake, anapika, anachota maji. Ni yeye pia, siku shule inafunguliwa na feza haitoshi kwa wote, anaambiwa angojee kidogo. Familia inamuona kama msaada. Kumbe ndiye mwanafunzi wa kwanza kupotea. Kwa kijana mwanaume hatari ni ingine: mwenye kukaa miezi bila kazi wala kaye, katika kijiji chenye vikundi vya silaha viko karibu, haikawii mtu kumuita.

Lugha: nguvu yenye watu wanasahau

Wazazi wengi wanasema hawawezi kufundisha kwa sababu hawajui Kifaransa. Hapa kuna kosa lenye linaumiza watoto.

Sheria ya mwaka 2014 juu ya elimu ya taifa inakubali lugha za taifa na lugha za mazingira kutumika katika kufundisha, pembeni ya Kifaransa. Mashariki, lugha ya taifa ni Kiswahili. Lakini katika miji, shule nyingi za kipekee zinaanza Kifaransa tangu shule ya watoto wadogo, na wazazi wanapenda vile, kwa kufikiri mtoto anayesema «bonjour» amekwisha kujua kusoma. Wakati shule inafungwa, mzazi anashika kaye ya Kifaransa, haelewi, anaifunga, na mambo yanaisha pale.

Lakini kujua kusoma si kujua Kifaransa. Kusoma ni kuelewa kwamba alama iliyoandikwa ina sauti, na kwamba sauti zikiunganishwa zinaleta neno lenye maana. Kiswahili kinasaidia sana hapo: kinaandikwa karibu vile kinatamkwa. Mtoto akijua a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu na silabi zingine, baada ya wiki kadhaa anaweza kusoma «baba», «bibi», «ndizi», «maji», na anaelewa mara moja anachosoma. Kwa Kifaransa, neno kama «eau» lina herufi tatu na sauti moja yenye haifanani na hata herufi moja kati ya zile. Mtoto mwenye hajui ile lugha anakariri tu picha ya neno.

Mama anayesoma Biblia ao kitabu cha nyimbo kwa Kiswahili siku ya Mungu, ao baba anayesoma karatasi za chama chake cha akiba, amekwisha kuwa na kitu cha kutosha kwa kufundisha darasa la kwanza na la pili. Na mtoto mwenye alijua kusoma kwa Kiswahili hatarudia yote kwa Kifaransa: atajifunza maneno mapya, lakini kazi ya kuunganisha sauti haitakuwa mpya tena.

Kwa hesabu ni vile vile. Soko la mashariki linatumia franga za Kongo na dola kwa siku moja. Mtoto anayemsaidia mama kuhesabu ni franga ngapi atarudishia mteja mwenye alilipa na dola anafanya hesabu ngumu kuliko zile za kaye yake. Shida ni kwamba anaifanya kwa kichwa na haiandiki. Mzazi akimwambia tu aandike ile hesabu mangaribi, ameunganisha soko na shule. Hata bibi mwenye hakukanyaga shule iko na kazi: hadithi yenye anasimulia, mtoto anaweza kuirudilia kwa mdomo, kisha kuiandika katika mistari mitano. Huko ndiko kunaitwa kujifunza kutunga.

Radio na telefone: vinasaidia mpaka wapi?

Wakati wa Covid-19, mwaka 2020, masomo yalipitishwa kwenye mawimbi. Radio Okapi ilikuwa na kipindi cha Okapi École, na radio mbalimbali za mashariki nazo zilijaribu kutoa nafasi. Hiyo ilionyesha kitu kikubwa: radio inafika fasi kaye haifiki, haina haja ya intaneti, na watoto kumi wanaweza kusikiliza moja.

Lakini ilionyesha pia mipaka. Radio inasema, haisikilizi. Mtoto mwenye hakuelewa hawezi kuinua mkono. Somo linapita saa ya mtangazaji, si saa ya nyumba. Kama ile saa mtoto iko kwenye bomba, limepita. Betri zinaisha. Na somo la darasa la sita halimusaidii mtoto wa darasa la pili mwenye ameketi pale pale. Kwa hiyo radio inafanya kazi vizuri tu kama kuna mtu mukubwa ao mwanafunzi wa mbele mwenye atabaki dakika kumi na tano nyuma ya kipindi, kwa kuuliza maswali na kuandika kwenye ubao.

Telefone inatoa mengi zaidi, lakini inakula mega, na mega ni feza. Tena, katika nyumba nyingi telefone yenye intaneti ni moja, ni ya baba, na baba anatoka nayo. Wazazi wenye walijaribu wanajua pia vile kijana anaanza na somo la jeografia na dakika tano nyuma iko ndani ya video za kucheka. Telefone inafaa kwa kazi moja rahisi: mwalimu wa darasa kutuma picha ya zoezi kwa mzazi mmoja wa kila avenyu, na ule mzazi kuliandika kwa wengine.

Karatasi yenye nyumba haitoe

Kuna kitu kimoja chenye hata mzazi mwenye diploma hawezi kumpa mtoto wake: karatasi. Mwisho wa primeri kuna mtihani wa taifa, ENAFEP. Mwisho wa sekondari kuna EXETAT, wenye watu wanaita tu mtihani wa serikali. Bila buleti za miaka iliyopita, bila jina kwenye orodha ya shule, mtoto anaweza kujua yote na akabaki mlangoni.

Ndiyo sababu wazazi wanaokimbia wanapaswa kubeba buleti sawa vile wanabeba karatasi ya kuzaliwa. Kupiga picha ya buleti na kuiweka kwa telefone ya ndugu mwenye kuishi mji mwingine ni kazi ya dakika mbili. Familia nyingi zilipoteza karatasi ndani ya nyumba zilizochomwa ao kambini, na direkta wa shule ya zamani naye alikimbia. Hapo mtoto wa darasa la tano anarudishwa la tatu, si juu ya akili, bali kwa kukosa ushuhuda. Mtoto wa miaka kumi na tatu kuketi na wa miaka minane, mara mingi haimalizi mwaka.

Kuna njia za kisheria zenye hazijulikani sana. Kwa watoto wenye hawakuingia shule ao walitoka mapema, kuko vituo vya kurudilia masomo vinavyoitwa CRS, vinavyosimamiwa na wizara ya mambo ya jamii, fasi miaka sita ya primeri inapunguzwa kuwa mitatu. Na kwa EXETAT, mtu mwenye hasomi shuleni anaweza kujiandikisha kama otodidakte, yaani mwenye kujifunza peke yake, na kupitia kwanza mtihani wa awali. Milango hiyo haitoshi kwa wote, na haiko kila fasi. Lakini mzazi mwenye anajua kwamba iko, atauliza.

Inafaa kukumbuka pia kwamba mwaka 2025 mtihani wa serikali ulifanyika hata katika miji ya Goma na Bukavu, ijapokuwa utawala uligawanyika. Hilo linaonyesha kwamba wakubwa wanaopigana wanaweza kukubaliana juu ya watoto wakitaka. Kama iliwezekana kwa wanafunzi wa mwisho, ni vigumu kueleza sababu gani isiwezekane kwa buleti na uhamisho wa wale wadogo.

Yenye inawezekana leo

Makosa makubwa ya wazazi wengi ni kutaka kuhamisha shule yote ndani ya nyumba: masaa sita, masomo kumi, kengele na adhabu. Hiyo inavunjika siku ya tatu. Yenye inadumu ni kidogo na ya kila siku.

Kwanza, saa. Nusu saa kila siku inapita masaa matano ya siku ya posho. Afazali iwe asubuhi, mbele ya maji na soko kukamata watu, ao mara tu kisha chakula, mbele giza liingie. Saa ikijulikana, hata majirani watazoea kutotuma mtoto ile saa.

Pili, masomo mawili tu: kusoma na hesabu. Mengine yatafuata shule ikifunguliwa. Mtoto mwenye anasoma vizuri atashika historia na sayansi mbio. Mwenye hasomi hatashika kitu hata madarasa yakifunguliwa mwaka mzima.

Tatu, ubao. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, na mbao inakubali chaki. Kipande cha ukuta kikisafishwa, watoto watatu wanaandika bila kumaliza kaye. Aliye mukubwa anaandika juu, mdogo chini.

Nne, kugawana. Hakuna mzazi anayejua yote, lakini katika nyumba kumi za avenyu moja hakukosi mwalimu mwenye hana kazi, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye masomo yake yamesimama, fundi mwenye anajua kupima, mama mwenye anasoma vizuri. Watoto wa darasa la kwanza wanaenda kwa huyu, wa darasa la nne kwa yule. Mwenye hana cha kufundisha anatoa chai ao anachunga watoto wadogo. Likelemba watu wanaijua kwa feza. Inawezekana pia kwa masomo. Lazima tu wazazi wajue mtoto iko kwa nani, na mlango ubaki wazi, kwa sababu kumuaminia mtu kwa kaye ya mtoto hakumaanishi kumuaminia kwa mambo yote.

Tano, kugawa kazi za nyumba. Kama binti mukubwa anafundisha wadogo, basi kijana achote maji. Kama mama anafundisha mangaribi, basi baba aogeshe watoto ao ashikilie mtoto mdogo. Hapo wengi wanacheka, lakini nyumba zenye zilishikilia masomo kwa miezi ni zile zenye kazi iligawanywa. Na binti mwenye anafundisha, mtu amfundishe yeye pia, hata mara mbili kwa posho.

Sita, kaye ya ushuhuda. Mzazi aandike tarehe, zoezi, na namna mtoto alifanya. Siku shule inafunguliwa, hiyo kaye itasaidia direkta na mwalimu kumpima mtoto na kumuweka fasi yenye kumufaa. Haiko buleti, lakini ni bora kuliko maneno matupu.

Saba, na hili linapita yote: mtoto mwenye ametoka kukimbia risasi hasomi sawa na mwingine. Akisahau kile alijua, akikojoa kitandani, akikaa kimya, hiyo haiko ujinga. Somo la kwanza kwake ni kuona kwamba siku iko na saa yenye inajulikana, na mtu mukubwa mwenye hapige kelele.

Nani anabaki na deni?

Kuna hatari katika kusifu sana wazazi. Serikali, na kila mwenye kushika utawala kwenye uwanja, wanaweza kusikia kwamba familia zinajisaidia, wakakaa kimya. Kufundisha nyumbani kunaweza kuokoa silabi na hesabu za mtoto wa miaka saba. Hakuwezi kumpa wa miaka kumi na tano somo la kemia, wala rafiki wa darasa, wala mtihani. Na kunaongeza tofauti: mtoto wa mwalimu atatoka mbele, wa mama asiyejua kusoma atabaki nyuma, ijapokuwa wote walizaliwa avenyu moja.

Kwa hiyo maswali yanabaki kwa wenye mamlaka. Madarasa yenye yalikaliwa na wakimbizi wa ndani ao na watu wa silaha yanarudishwa lini kwa wanafunzi? Mwalimu wa kijijini analipwa kwa njia gani wakati banki zimefunga? Mtoto aliyepoteza buleti anapata wapi karatasi ingine, na kwa bei gani? Elimu ya bure inafikia namna gani shule yenye inaishi kwa mchango wa wazazi wasio na kitu? Kamati za wazazi zina haki ya kuuliza haya kwa direkta, kwa ofisi ya elimu ya mtaa, na mbele ya kipaza sauti cha radio.

Kwa sasa, kila asubuhi yenye kengele hailie, mtoto wa miaka saba anaongeza siku moja ya kusahau. Nusu saa ya mama na kipande cha chaki vinaweza kuizuia ile siku. Mengine ni deni la wakubwa, na wazazi wasiache kuliuliza eti kwa sababu wao wenyewe wameanza kufundisha.